Kwa nini ng'ombe hasafiri bila kibali

MKAZI wa Dar es Salaam anayeagiza nyama choma jioni kwa kawaida huuliza bei, na pengine huuliza kama nyama ni laini. Ni nadra kuuliza ng'ombe huyo alitoka wapi. Swali hilo huulizwa mbali na jiko, na mtu mwingine kabisa: mkaguzi wa mifugo anayesimamisha lori kando ya barabara na kutaka kuona kibali cha kusafirisha mifugo.

Kibali hicho kimekuwa chanzo cha malalamiko kwa miaka mingi. Kwa mfanyabiashara ni gharama na ucheleweshaji. Kwa mfugaji anayehama kutafuta malisho ni ishara kwamba anashukiwa. Kwa baadhi ya halmashauri, ukweli usemwe, ni mlango mmojawapo wa mapato. Lakini lengo lake la asili si lolote kati ya hayo, na linamhusu mlaji wa mjini kuliko anavyodhani.

Kwa upande wa Tanzania Bara, msingi wake ni Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, pamoja na kanuni za udhibiti wa usafirishaji wa mifugo na mazao yake zilizotolewa mwaka 2007. Jina la sheria hiyo lafaa kuzingatiwa. Si sheria ya barabara, wala si sheria ya kodi. Ni sheria ya magonjwa. Anayepeleka mifugo nje ya eneo lake hudaiwa kibali kinachotaja mwenye mali, aina na idadi ya wanyama, mahali walikotoka na mahali wanakokwenda.

Safari yenyewe huanzia kijijini. Mfugaji anayetaka kuuza huchukua barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kwamba mifugo ni yake, jambo ambalo shabaha yake kuu ni kuzuia wizi. Kwa barua hiyo huingia kwenye mnada wa awali, ambao huendeshwa na halmashauri ya wilaya. Hapo hukutana na wachuuzi na madalali, mali hubadili mikono, ushuru hulipwa na stakabadhi hutolewa.

Kutoka minada ya awali, wanyama wengi hupelekwa kwenye minada ya upili, ambayo iko chini ya wizara inayohusika na mifugo. Kizota mjini Dodoma ni mmojawapo, Igunga mkoani Tabora ni mwingine, na Mhunze wilayani Kishapu hukusanya ng'ombe wa Usukuma. Wachuuzi wakubwa hununua huko, wanyama hukaguliwa na wataalamu, na kibali cha kuwavusha kwenda mkoa mwingine hutolewa. Njiani kuna vituo vya ukaguzi ambako idadi iliyoandikwa hulinganishwa na idadi iliyomo kwenye lori. Mwisho wa safari, kwa ng'ombe wengi wa jiji, ni mnada wa Pugu, na kutoka hapo machinjioni kama Vingunguti.

Msomaji anaweza kuuliza: kama mtaalamu atamkagua mnyama machinjioni kabla na baada ya kuchinjwa, kuna haja gani ya kumsumbua mwenye mali njia nzima? Ikiwa ng'ombe ana afya, si ataonekana tu?

Jibu ni kwamba haonekani. Hapo ndipo ulipo msingi wote wa kibali.

Mfano ulio wazi ni homa ya mapafu ya ng'ombe. Mnyama aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki kadhaa, na wakati mwingine miezi, bila dalili yoyote. Anakula, anatembea, ngozi inang'aa. Wengine hupona kwa nje huku wakibaki na vidonda vilivyofungiwa ndani ya mapafu, na wataalamu kwa muda mrefu wamewahofia wanyama wa namna hiyo kwamba wanaweza kuwa chanzo cha maambukizi mapya. Mkaguzi mwenye macho makali kiasi gani hawezi kumtambua kwa kumtazama akiwa mnadani. Anachoweza kufanya ni kuuliza ametoka wapi, na kama eneo hilo lina karantini au taarifa ya ugonjwa.

Kibali, kwa maneno mengine, hakithibitishi tu hali ya mnyama siku hiyo. Kinabeba historia ya alikotoka.

Tanzania imewahi kujifunza hilo kwa gharama. Homa ya mapafu ilikuwa imetokomezwa nchini mwaka 1964. Kwa zaidi ya robo karne ng'ombe wa Tanzania walikuwa huru. Mwaka 1990 ugonjwa huo uliingia tena kupitia mkoa wa Arusha kutoka nchi jirani ya Kenya. Katika miaka iliyofuata ulisambaa hadi nyanda za juu kusini, kwa kasi ya biashara na ya makundi yaliyohama. Haukupeperushwa na upepo. Uliswagwa, ukapakiwa, ukauzwa.

Kisa cha mbuzi wa Tandahimba kinaeleweka kwa urahisi zaidi, na kinafaa kusimuliwa kwa sababu ndani yake mji wenyewe ndio uliokuwa daraja.

Sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ni jamaa ya sotoka ya ng'ombe, ilithibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008. Mikoa ya kusini ilikuwa mbali, na mtu angedhani umbali ungeikinga. Watafiti waliochunguza mlipuko uliotokea baadaye wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, walifuatilia nyayo zake na kuona kwamba huenda ugonjwa ulifika Februari 2009 pamoja na mbuzi wapya walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 700.

Pugu hujulikana kama kituo cha mwisho. Ng'ombe na mbuzi wanaofika pale hutarajiwa kwenda machinjioni, si kurudi mashambani. Lakini mtu aliyetaka kuanzisha ufugaji kusini aliona pale mbuzi wa bei nafuu kutoka kila pembe ya nchi, akanunua, akapakia, akaondoka. Katika soko ambamo wanyama wa mikoa mingi hukaa zizi moja, aliyetoka kwenye eneo salama hulala bega kwa bega na aliyetoka kwenye eneo lenye ugonjwa. Mbuzi aliyeingia mzima anaweza kutoka mgonjwa.

Matokeo yake hayakuishia Mtwara. Novemba 2010 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa tahadhari kwamba ugonjwa huo unaweza kuvuka kwenda nchi za kusini mwa Afrika na kutishia mbuzi na kondoo zaidi ya milioni 50 katika nchi 15. Miongoni mwa mapendekezo ya wataalamu wake lilikuwamo la kuchanja kwenye njia kuu za biashara ya mifugo. Pendekezo hilo lenyewe lilikuwa ni kukiri jambo: ukitaka kujua ugonjwa utafika wapi kesho, tazama lori linaelekea wapi leo.

Ni haki kusema pia kwamba si kila ugonjwa husubiri lori. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo virusi vyake viligunduliwa kwa mara ya kwanza karibu na Naivasha nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930, hulipuka hasa baada ya mvua kubwa na mafuriko, mbu wanapozaliana kwa wingi. Mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 ulianzia kaskazini mashariki mwa Kenya, eneo la Garissa, Desemba 2006, na kufikia Tanzania Januari 2007. Katika kila nchi kati ya hizo mbili zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Kwa Tanzania, mkoa wa Dodoma ndio ulioathirika zaidi.

Wengi wa wakazi wa Dar es Salaam wenye umri wa kutosha wanakumbuka majuma yale. Watu waliikimbia nyama nyekundu, wakahamia kwenye samaki na kuku, na mabucha yakabaki bila wateja. Hofu ilikuwa kubwa kuliko maelezo. Nyama iliyopikwa ikaiva vizuri haikuwa hatari kubwa. Hatari ilikuwa kwa mtu aliyegusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa: mchinjaji, mfugaji aliyemsaidia ng'ombe aliyetupa mimba, mama aliyeandaa nyama mbichi, na yeyote aliyekunywa maziwa yasiyochemshwa.

Kwa ugonjwa wa aina hiyo kibali hakizuii mbu. Kinachofanya ni kuwezesha amri ya karantini kuwa na maana. Ofisa anapotangaza kwamba wilaya fulani imefungwa, amri hiyo hutekelezwa kwa njia moja tu, nayo ni kutotoa vibali na kuyarudisha magari yasiyokuwa navyo. Pasipo kibali, karantini ni tangazo la redioni.

Hiyo ndiyo nadharia. Barabarani mambo hayanyooki kiasi hicho.

Mchuuzi mwenye ng'ombe 25 kwenye lori hupoteza fedha kila saa. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,000. Mnyama anayesimama njia yote bila maji ya kutosha hupungua uzito, na kilo zinazopungua ni hasara ya mwenye lori. Akisimamishwa mara nyingi, akidaiwa ushuru ambao anaamini ameshaulipa mnadani, kishawishi cha kupita njia ya panya usiku ni kikubwa. Kila kituo kinachogeuzwa kuwa cha kukusanya fedha badala ya kuuliza afya humfundisha mchuuzi kwamba kibali ni kodi tu. Akishafundishika hivyo, siku ya ugonjwa naye atakikwepa kama anavyokwepa kodi.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 nayo ina neno kuhusu safari hiyo, kwa kukataza wanyama kusafirishwa kwa namna inayowatesa. Yeyote aliyewahi kufuata lori la ng'ombe kwenye barabara ya Morogoro anajua kwamba sheria hiyo bado ina safari ndefu kuliko ng'ombe wenyewe.

Kuna pia wale wasiopanda lori. Kuswaga mifugo kwa miguu ni desturi ya kale kuliko barabara zenyewe, na zamani serikali yenyewe iliitegemea. Tangu enzi za ukoloni zilitengwa njia za mifugo zenye maji na maeneo ya kupumzikia, ili ng'ombe watoke bara wafike pwani wakiwa bado na nyama. Sehemu yao ilikwenda kwenye kiwanda cha Tanganyika Packers, Kawe, kilichokuwa kikisindika nyama ya makopo hadi kilipofungwa katika miaka ya 1990. Vijana wa leo wanalijua jina la Tanganyika Packers kwa sababu ya viwanja vya mikutano ya injili na ya siasa.

Njia nyingi za namna hiyo zimemezwa. Penye njia ya ng'ombe pameota mahindi, pamejengwa nyumba, au pamewekwa mpaka wa hifadhi. Kwa hiyo mchungaji mwenye kundi hujikuta hana pa kupita ila ukingoni mwa barabara ya magari au ndani ya shamba la mtu. La kwanza huleta ajali. La pili limeleta mauti. Wilayani Kilosa, Desemba 2000, mgogoro uliotokana na mifugo kukamatwa na wakulima uliishia kwa mauaji ya watu zaidi ya 30 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni.

Miaka michache baadaye ilikuja hamahama kubwa iliyoagizwa na serikali yenyewe. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa katika bonde la Usangu na eneo oevu la Ihefu, mkoani Mbeya, kwa hoja ya kuokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu, na makundi makubwa yakaelekezwa mikoa ya Pwani na Lindi. Malalamiko kuhusu namna kazi hiyo ilivyofanyika, ikiwamo mifugo iliyokufa njiani na faini zilizotozwa, yalimfanya Rais Jakaya Kikwete aunde tume ya uchunguzi mwaka 2007. Tukio hilo lilionyesha kwamba utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya ng'ombe watano wa kuuzwa hauwezi kubeba mamia ya kaya zinazohama na kila kitu, wakiwamo ndama na wanyama wanaonyonyesha, kuelekea vijiji ambavyo havikuandaliwa kuwapokea.

Mfugaji anayehama hatakiwi kufika kijiji kipya kama mgeni wa ghafla. Utaratibu unaotambulika ni kwamba uongozi wa anakokwenda ukubali kwanza, ndipo wa anakotoka umruhusu kuondoka. Kwenye Kenya jirani jambo hilo hufuatwa kwa barua ya daktari wa mifugo wa kaunti ya mapokezi inayosema hana pingamizi, na bila hiyo kibali hakitoki. Sababu ni ileile ya afya, lakini kwa mfugaji wa kiangazi ina ugumu wake. Mvua hainyeshi kwa kufuata barua. Ng'ombe wenye kiu hawawezi kusubiri majibu ya ofisi mbili, na ofisa mifugo aliye karibu pengine ana vijiji kadhaa na pikipiki moja isiyo na mafuta.

Mpakani ugumu huo huwa wa kidiplomasia. Oktoba 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe 1,325 wa wafugaji wa Kenya waliokamatwa upande wake wakitafuta malisho. Muda mfupi baadaye vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya bila kibali viliteketezwa kwa moto Namanga, kwa maelezo ya kuzuia mafua ya ndege. Kwa wafugaji Wamasai, ambao koo zao ziko pande zote mbili na ambao walikuwa wakivuka kabla mpaka haujachorwa, tukio la ng'ombe lilikuwa pigo lisiloelezeka. Kwa watetezi wa hatua hiyo, sheria ilikuwa imefuatwa. Hoja ya afya ilisikika kwa shida katikati ya kelele hizo, ingawa kinadharia ndiyo iliyopaswa kutangulia.

Udhaifu mkubwa wa kibali cha karatasi ni kwamba kinataja idadi, si mnyama. Kikisema ng'ombe 20 wekundu na weusi, ng'ombe wowote 20 wekundu na weusi wataingia ndani yake. Mmoja akifa njiani, mwingine asiyejulikana alikotoka anaweza kushika nafasi yake kabla ya kituo kinachofuata, na hesabu itatimia.

Ndiyo maana mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, Na. 12. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Mwaka 2017 ilipigwa mbiu ya kupiga chapa ng'ombe nchi nzima. Chapa ya moto humtambulisha mnyama kwa eneo lake, lakini huharibu ngozi, na ngozi ni mali. Baadaye zikaja hereni za kielektroniki zenye namba ya kila mnyama, nazo zikakutana na upinzani wa wafugaji hasa kuhusu gharama. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa inayounganisha chanjo na utambuzi, kwa chanjo zenye ruzuku ya serikali.

Kuunganisha mambo hayo mawili ni uamuzi wenye busara kuliko uliotangulia. Mfugaji aliyeombwa kulipia hereni peke yake aliona anahesabiwa ili atozwe. Anayepewa chanjo pamoja na hereni ana kitu cha kuondoka nacho. Taifa lenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 haliwezi kumwekea kila mmoja askari wa kumlinda njiani, hivyo utaratibu wowote utakaodumu ni ule ambao mwenye ng'ombe mwenyewe anaona una faida kwake.

Katika miaka ya karibuni maombi ya vibali na malipo yake yamehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa wizara, mwombaji akipewa namba ya malipo badala ya kukabidhi fedha mkononi. Hilo hupunguza vibali vya kughushi na stakabadhi zilizoandikwa gizani. Halimwondolei ofisa kazi ya kwenda zizini kumtazama mnyama kabla ya kubonyeza kitufe cha kuidhinisha, na kibali kilichotolewa bila ukaguzi huo kina thamani ileile kiwe cha karatasi au cha kwenye simu.

Ng'ombe akishafika Vingunguti, historia yake yote hukabidhiwa kwa mkaguzi wa nyama. Huyo humtazama akiwa hai, kisha hupasua mapafu, ini na tezi akitafuta dalili ambazo mnadani hazikuweza kuonekana. Akikuta mapafu yaliyoshikamana na mbavu, alama ya homa ya mapafu, taarifa hutakiwa kurudi nyuma hadi wilaya alikotoka mnyama yule, ili kundi lililobaki lichunguzwe. Wilaya hiyo ataijua kwa kusoma kibali. Nyama iliyopita salama hugongwa mhuri, na mhuri huo ndio unaoweza kuonekana juu ya paja linaloning'inia buchani.